Kuhasi mbwa mapema: Faida kwa wa kienyeji, tahadhari kwa wakubwa wa ulinzi

MBWA wawili walipandishwa kwenye meza moja ya daktari wa mifugo jijini Arusha, asubuhi moja, wote wakiwa na umri wa miezi mitano.

Wa kwanza alikuwa Kamanda, dume aina ya German Shepherd. Nilimnunua Nairobi nilipokuwa kikazi nchini Kenya, nikamvusha mpaka wa Namanga akiwa na karatasi zake zote: cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, cheti cha afya na kibali cha kumwingiza nchini. Wa pili alikuwa Popi, jike wa kienyeji ambaye mama alipewa na jirani akiwa bado ananyonya. Wazazi wangu walikuwa wameibiwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na walitaka mlinzi. Hawakutaka watoto wa mbwa kila baada ya miezi michache. Daktari alisema miezi mitano ni umri mzuri, na jioni tuliwarudisha nyumbani wakipepesuka kwa dawa ya usingizi.

Leo Popi ana miaka sita, mwepesi kama siku ile. Kamanda alipofikisha miaka mitatu aliruka kutoka barazani kumkimbilia mgeni, akalia kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, akabaki ameinua mguu wa nyuma. Kano ya goti ilikuwa imekatika. Tangu hapo anachechemea, na siku za baridi hainuki mpaka asaidiwe.

Baba, mtu asiyependa kulaumu, aliniuliza swali moja tu: kama hatukumwahi mno kwa kisu. Sikuwa na jibu. Makala haya yametokana na swali hilo, kwa sababu si la nyumba yetu peke yake. Kuanzia Nairobi hadi Kampala, Kigali na Dar es Salaam, mbwa wakubwa wa ulinzi wanaongezeka kwenye nyua za watu, na wakati huohuo kampeni za kuhasi mbwa wa mitaani zinapanuka. Ushauri unaotolewa kwa makundi hayo mawili mara nyingi ni mmoja. Utafiti unaonyesha haupaswi kuwa mmoja.

Kinachoondolewa ni zaidi ya uzazi

Kwa dume, kuhasi ni kuondoa korodani zote mbili. Kwa jike, daktari hufungua tumbo na kuondoa ovari, na mara nyingi mfuko wa uzazi pia. Wengi huita kazi hiyo kufunga kizazi, lakini jina hilo linaficha jambo kubwa. Mwanamke anayefungwa mirija hubaki na homoni zake. Mbwa anayehasiwa hupoteza kiwanda chenyewe cha homoni hizo.

Na homoni za uzazi hazifanyi kazi ya uzazi peke yake. Zinahusika katika ukuaji wa mifupa, uimara wa misuli, kazi ya misuli inayobana mkojo na namna mwili unavyotumia chakula. Mbwa aliyemaliza kukua akihasiwa, mifupa yake tayari imekomaa. Aliye katikati ya safari ya kukua hukatishiwa moja ya ishara ambazo mwili huzitumia kujua ni wakati wa kusimama.

Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto wa mbwa kuna sehemu za gegedu ambako mfupa hurefukia. Homoni za uzazi husaidia kuzifunga sehemu hizo zinapomaliza kazi. Homoni zikiondolewa mapema, kufunga huko huchelewa, na mifupa huendelea kurefuka kwa muda kuliko ilivyokusudiwa. Mbwa hutoka na miguu mirefu kidogo. Kwa macho ya mwenye mbwa hilo laweza kuonekana ni umbo zuri, lakini kwenye nyonga, kiwiko na goti, tofauti ndogo ya urefu na pembe yatosha kubadilisha namna uzito unavyobebwa. Kwa mbwa wa kilo 35 anayeruka na kugeuka ghafla, kano ya goti hulipa gharama hiyo.

Takwimu kutoka California

Kazi iliyotikisa zaidi mazoea ya madaktari ilifanyika katika Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani. Watafiti Benjamin Hart, Lynette Hart na wenzao walipekua kumbukumbu za hospitali ya wanyama ya chuo hicho, wakilinganisha mbwa waliohasiwa katika umri mbalimbali na wale ambao hawakuhasiwa kabisa.

Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya mbwa 759 aina ya Golden Retriever. Madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walikuwa na tatizo la nyonga kutokaa sawasawa kwa asilimia 10, mara mbili ya wasiohasiwa. Kukatika kwa kano ya goti hakukuonekana kabisa kwa mbwa wasiohasiwa, lakini kulitokea kwa asilimia tano ya madume na asilimia nane ya majike waliohasiwa mapema. Saratani ya tezi za limfu ilifika karibu asilimia 10 kwa madume waliohasiwa mapema, mara tatu ya wenzao.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 2016, ikaja zamu ya German Shepherd, na hapo ndipo niliposoma nikiwa nimemkumbuka Kamanda. Kumbukumbu za mbwa 1,170 zilionyesha kuwa madume wasiohasiwa waliopata angalau ugonjwa mmoja wa viungo walikuwa takribani asilimia saba. Kwa madume waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja, idadi ilikuwa asilimia 21. Kwa majike ilitoka asilimia tano hadi 16. Aidha, majike waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walivuja mkojo kwa asilimia saba, tatizo ambalo halikuonekana kwa wasiohasiwa.

Kabla ya hapo, mwaka 2002, utafiti mwingine wa Marekani uliohusu mbwa 683 aina ya Rottweiler ulikuwa umetoa onyo la aina yake. Waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja walikabiliwa na uwezekano wa karibu mmoja kati ya wanne wa kupata saratani ya mfupa maishani mwao.

German Shepherd na Rottweiler ni miongoni mwa mbwa wanaotafutwa sana na watu wanaotaka ulinzi Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Hao ndio wanaotembea na walinzi wa makampuni usiku. Kwa mbwa wa kazi, mguu ndio ajira yake. Vivyo hivyo kwa mbwa wa kunusa: Usa River, mkoani Arusha, kuna kituo cha shirika la African Wildlife Foundation kinachofundisha mbwa wa kugundua nyara za wanyamapori wanaopelekwa kufanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika. Mafunzo ya mbwa mmoja wa aina hiyo huchukua muda na fedha nyingi, na goti moja bovu laweza kuyafuta yote.

Ni lazima kusema pia mipaka ya takwimu hizi. Zimetoka kwenye hospitali ya rufaa, mahali ambapo wagonjwa wenye matatizo makubwa hujazana kuliko kliniki ya mtaani. Zinaonyesha uhusiano, hazithibitishi kuwa kila mbwa mwenye goti bovu aliharibiwa na kisu. Kamanda angeweza kukatika kano hata kama angeachwa na korodani zake. Vilevile, mbwa aliyehasiwa hunenepa upesi asipopunguziwa chakula, na sisi tulikuwa tukimpa ugali na mabaki bila kipimo. Uzito huo nao ulikuwa juu ya goti lake.

Popi si Kamanda

Hata hivyo, kama makala yangeishia hapo yangefanya madhara makubwa kuliko faida. Mtu angesoma, akafunga gazeti, akaamua mbwa wake wote wasiguswe. Utafiti huohuo wa Davis unasema vingine.

Mwaka 2020 timu hiyo ilitoa matokeo ya aina 35 za mbwa. Kwa aina ndogo, kama vile Chihuahua, kuhasi mapema hakukuongeza magonjwa ya viungo. Kwa baadhi ya aina kubwa sana, mfano Great Dane, ongezeko halikuonekana pia, jambo linaloonyesha kwamba ukubwa peke yake hauelezi kila kitu na kwamba ukoo nao una sauti. Kwa German Shepherd, ushauri wa watafiti ulikuwa kusubiri mpaka mbwa akaribie miaka miwili.

Mwaka huohuo walichapisha kazi nyingine iliyohusu mbwa mchanganyiko, wasio na ukoo mmoja, wakiwapanga kwa uzito wanaofikia ukubwani. Mstari ulipita kwenye kilo 20. Waliozidi hapo na kuhasiwa kabla ya mwaka mmoja walikuwa na hatari kubwa zaidi ya magonjwa ya viungo. Walio chini ya kilo hizo hawakuonyesha ongezeko la maana.

Sasa msomaji na atazame mbwa wa mtaani kwake. Mbwa wa kienyeji wa Afrika Mashariki, yule wa rangi ya kahawia anayelala chini ya mwembe, wengi wao hawafiki kilo 20. Yupo upande salama wa mstari huo. Popi ana kilo 14. Kisu kilekile, siku ileile, kwa umri uleule, kilikuwa uamuzi wa busara kwake na pengine haraka kwa mwenzake.

Miaka ya nyuma kidogo, mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walifuatilia mbwa 1,842 waliochukuliwa kwenye kituo cha kuhifadhia wanyama. Waliohasiwa kabla ya miezi mitano na nusu walikuwa na tatizo la nyonga zaidi, ingawa la kiwango chepesi, lakini walikuwa na unene mdogo na tabia ndogo ya kutoroka nyumbani. Kwa majike, onyo lilikuwa kwenye mkojo: waliohasiwa kabla ya miezi mitatu walivuja zaidi baadaye. Ndiyo maana hata watetezi wa kuhasi mapema hushauri jike asubiri angalau miezi mitatu.

Magonjwa ambayo kisu huzuia

Katika ukanda wetu, mbwa jike asiyehasiwa hana maisha ya amani. Huingia kwenye joto takribani mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba kwa siku 63 hivi, hunyonyesha kwa mifupa yake mwenyewe, na kabla hajapona huanza upya. Watoto wengi hufa au hutupwa sokoni na kando ya barabara. Hayo ni yale yanayoonekana.

Lililofichika ni usaha kwenye mfuko wa uzazi. Ugonjwa huo huja wiki chache baada ya joto, hasa kwa jike mwenye umri mkubwa. Hunywa maji mengi, hukataa chakula, hulegea, na asipofanyiwa upasuaji wa haraka hufa. Nchini Sweden, ambako kuhasi si desturi na mbwa wengi wana bima, kumbukumbu za bima zilionyesha kuwa karibu jike mmoja kati ya wanne huupata kabla ya kufikisha miaka 10. Kwa aliyeondolewa ovari na mfuko wa uzazi, hatari hiyo huisha.

Upo pia uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kujamiiana. Ni ugonjwa wa ajabu: seli zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine, na wanasayansi wamebaini kuwa chanzo chake ni mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Huonekana kama nyama inayotoa damu sehemu za siri, wakati mwingine puani au mdomoni kwa sababu mbwa hunusana na kulambana. Hutibika kwa sindano za dawa ya saratani zinazorudiwa kila wiki, lakini ni wangapi wanaompeleka mbwa wa mtaani hospitali mara nne au tano? Ugonjwa huu hustawi palepale mbwa wanapozurura na kupandana ovyo, na hapo ndipo kuhasi kunapokuwa kinga.

Kuhusu saratani ya matiti, madaktari wamefundishwa kwa miongo mingi kwamba jike anayehasiwa kabla ya joto la kwanza karibu haipati kabisa. Fundisho hilo lilitokana na utafiti wa mwaka 1969. Mwaka 2012, wataalamu wa Uingereza walipopitia ushahidi wote uliopo walisema ni dhaifu kuliko ulivyokuwa ukitangazwa. Hata hivyo, kwa German Shepherd wa Davis, majike wasiohasiwa waliugua kwa asilimia nne, na waliohasiwa mapema hawakufika asilimia moja. Faida ipo, kinachobishaniwa ni ukubwa wake.

Na hesabu ya jumla ikoje? Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, walipitia kumbukumbu za vifo vya mbwa zaidi ya 40,000. Waliohasiwa walikufa wakiwa na wastani wa miaka 9.4, wasiohasiwa miaka 7.9. Waliohasiwa walikufa zaidi kwa saratani, wasiohasiwa zaidi kwa maambukizi na majeraha. Kwa bara la Afrika, ambako gari, mapanga na maambukizi humwondoa mbwa kabla saratani haijapata nafasi, mizani hiyo ina maana yake.

Kuhasi si chanjo

Kuna kosa jingine linalofanyika kwenye kampeni, nalo ni kuwaambia wananchi kwamba mbwa akihasiwa kichaa cha mbwa kitaisha. Hapana. Kichaa cha mbwa huzuiwa kwa chanjo. Duniani kote ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huumwa na mbwa. Kinachotakiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia kila mwaka. Kenya ina mkakati wa kuutokomeza ifikapo mwaka 2030, sambamba na lengo la kimataifa la kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na mbwa.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani. Kisiwani Pemba, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walifuatilia ugonjwa huo kwa karibu. Chanjo za mbwa ziliumaliza mwaka 2014. Miaka miwili baadaye ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, kwa mbwa waliosafirishwa na watu, na chanjo zikaumaliza tena mwaka 2018. Virusi haviulizi kama mbwa ana korodani, na havikaguliwi bandarini kama mwenye mbwa hataki kusema amebeba nini.

Kuhasi husaidia kwa njia ya mzunguko: watoto wanaozaliwa wakipungua, mbwa wasiochanjwa wanaoingia kwenye kundi kila mwaka hupungua pia, na kiwango cha chanjo hudumu muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu mashirika mengi ya ukanda huu hufanya mambo hayo mawili kwa pamoja. Big Fix Uganda hufanya hivyo mjini Gulu, kaskazini mwa Uganda. Chama cha Ulinzi na Matunzo ya Wanyama Kenya, KSPCA, huhasi mbwa kabla ya kuwakabidhi kwa familia mpya. Mkoani Arusha kuna Mbwa wa Africa, Usa River. Kwa mashirika haya, kumwachia mtu mtoto wa mbwa asiyehasiwa kwa ahadi kwamba atamrudisha baada ya mwaka ni kubahatisha. Wengi hawarudi. Kuhasi mapema hapo ni uamuzi wa lazima, na kwa mbwa wa kienyeji ni uamuzi salama.

Nchi tajiri zenyewe hazikubaliani. Marekani, mbwa wa vituoni huweza kuhasiwa akiwa na wiki nane tu. Norway, sheria ya ustawi wa wanyama hairuhusu kumwondolea mnyama viungo bila sababu ya msingi, hivyo mbwa wengi hubaki kama walivyozaliwa. Tofauti ni kwamba Norway mbwa hafunguliwi geti akazurura. Anayetaka kuiga Norway aanze na geti.

Umri upi, kwa mbwa yupi

Mwaka 2019, chama cha hospitali za wanyama cha Marekani, AAHA, kilitoa mwongozo unaofuata mstari huohuo wa kilo 20. Mbwa atakayekuwa mdogo, dume ahasiwe akiwa na miezi sita, jike kabla ya joto la kwanza, yaani miezi mitano hadi sita. Mbwa atakayekuwa mkubwa, dume asubiri mpaka amalize kukua, kati ya miezi tisa na 15. Kwa jike mkubwa daktari na mwenye mbwa wapime pamoja ndani ya miezi mitano hadi 15, kwa sababu upande mmoja kuna viungo na mkojo, upande mwingine kuna matiti na mimba. Mwaka 2024, chama cha dunia cha madaktari wa wanyama wadogo, WSAVA, nacho kilitoa mwongozo unaosisitiza kuwa uamuzi upimwe kwa kila mbwa, huku kikitambua kwamba mbwa wa vituoni wana mazingira yao.

Kwa mwenye mbwa wa Afrika Mashariki, hayo yanatafsirika hivi.

Kama ni mbwa wa kienyeji anayetembea huru, usisubiri. Miezi mitano au sita yatosha, na jike asifikie joto la kwanza. Hasara ya kuchelewa ni kubwa kuliko hasara ya kuwahi.

Kama ni German Shepherd, Rottweiler au mbwa mwingine mkubwa unayemlipia fedha nyingi kwa ajili ya ulinzi, na una ukuta na geti linalofungwa, msubirishe. Kwa dume, kusubiri hakumdhuru mradi hazururi. Kwa jike, kubali kwamba utakuwa na kazi ya kumfungia ndani kwa wiki tatu kila akiingia kwenye joto. Kama huwezi kumlinda, mhasi. Mimba ya utotoni nayo ni hatari.

Kama ni chotara wa mbwa mkubwa na wa kienyeji, tazama nyayo na wazazi wake, muulize daktari atafikia kilo ngapi. Hao ndio wanaochanganya zaidi kwenye kampeni, kwa sababu katika umri wa miezi minne hufanana na kienyeji mnene.

Na yeyote utakayemhasi, punguza chakula chake baada ya wiki mbili tatu. Mbwa mwembamba mwenye mifupa mirefu ana nafasi nzuri kuliko mbwa mnene mwenye mifupa mirefu. Usiogope kwamba atakuwa goigoi wa ulinzi. Kinachopungua zaidi kwa dume ni kuzurura, kupandapanda na kukojolea kila kona. Kubweka akisikia hatua za mgeni getini hakutoki kwenye korodani.

Kwa mamlaka za mifugo za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kazi iliyopo ni ndogo lakini ina faida. Fomu za kampeni zina sehemu ya jina la mwenye mbwa na tarehe ya chanjo. Ziongezwe sehemu mbili: uzito na umri. Mizani ya kupimia mbwa haigharimu kama upasuaji wa goti. Mbwa huvuka Namanga, Mutukula na Rusumo na wenye nao kila siku. Cheti kinachosoma namna moja Nairobi, Kampala na Kigali kingemwambia daktari wa upande wa pili mbwa alihasiwa lini, na baada ya miaka kadhaa tungekuwa na takwimu zetu wenyewe badala ya kuazima za California.

Baba nilimsimulia yote haya mwezi uliopita, tukiwa barazani. Nilimwambia kwamba hakuna daktari anayeweza kusema ni kisu, ni ugali au ni ruko la siku ile, lakini kama tungeanza upya, Popi tungemhasi wiki ileile na Kamanda tungemsubiri. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama kuna la kufanya sasa. Lipo: kupunguza kilo nne, kutembea polepole kwenye nyasi asubuhi, dawa ya maumivu ya mbwa na si ile ya binadamu. Kilo mbili zimeshatoka. Popi, ambaye hajui kitu chochote kuhusu utafiti wa Davis, ndiye anayemtangulia na kumsubiri kila kona.